Sikio la Kulia la Baba Namkunda

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama mbele ya kaunta ya kukodisha magari huko Austria, nimevaa kanga yangu ya kulalia, na nyuma ya kaunta hakukuwa na mtu. Lilikuwapo gari lenyewe. Gari dogo, la kijivu, limevaa miwani.

Sikushangaa. Kabla ya kulala nilikuwa nimepiga magoti nikamwomba Mungu aniamulie jambo moja, kwa hiyo nilielewa kwamba kazi imeanza.

Jambo lenyewe ni hili. Binti yetu Namkunda anafanya kazi Austria, naye ametualika mimi na baba yake likizo ya wiki mbili, likizo yetu ya kwanza katika miaka thelathini na minane ya ndoa. Alitaka jibu asubuhi, kabla hajaingia kazini: atukodishie gari, au atukatie tiketi za treni? Baba Namkunda, aliyeendesha Landrova ya hospitali ya misheni mpaka akastaafu, alisema, "Gari," halafu akawasha redio. Mimi nilitaka treni, ila sikusema. Mume wangu akishika usukani haongei. Anajibu "mm" na kutazama barabara. Nimeizunguka Tanzania nikiwa na sikio lake la kushoto. Nilitaka wiki mbili za uso wake.

Nasoma Kijerumani darasa la jioni, ukumbi wa kanisa, mwezi wa saba sasa, na nikajiandaa kulisalimu gari kwa Kijerumani. Likaniwahi kwa Kiswahili cha kwetu Same.

"Mama, moyo wako uko upande gani?"

"Kushoto, kama wa kila mtu."

"Huku tunaendesha kulia. Uhamishe."

Nikauhamisha. Si kazi ngumu, ni kama kubadilisha ndoo mkono. Wa Baba Namkunda, aliyekuwa kando yangu, uligoma kidogo, akaugonga kwa ngumi, ukaenda.

"Mko tayari," likasema gari, likavua miwani, tukaingia.

Sasa tuko barabarani. Usukani uko kushoto, kwa hiyo mume wangu amekaa kushoto na mimi nimekaa kulia. Nageuka kumtazama, na ninaloliona ni sikio lake la kulia. Sijawahi kukaa nalo safarini. Lina nywele mbili nisizozifahamu.

"Hujambo?" nikalisalimu.

"Sijambo, mama. Wewe ni nani?"

"Mke wake."

"Ahaa. Nimesikia habari zako kutoka kwa mwenzangu wa kushoto. Yeye ndiye anayekupokea. Mimi niliwekwa upande wa dirisha nisikilize magurudumu. Sauti yako sijafundishwa."

"Nikimwambia kitu, hatasikia?"

"Atasikia kwamba kuna kitu kinalia garini. Atasimama akague tairi."

Hapo nikaona hatari. Tukienda kwa gari, hata lile "mm" nitalikosa.

Tukafika njia panda. Kibao cha barabarani kikainama kama mzee wa kanisa anayetangaza sadaka. "Huku," kikasema, "kila atokaye upande wa kulia hupishwa. Hakuna ubishi."

Baba Namkunda akasimamisha gari. Upande wa kulia akatoka mwendesha baiskeli, tukampisha. Wakatoka ng'ombe wenye kengele shingoni. Ikatoka kwaya, safu nne, na besi wake wamechelewa. Likatoka ziwa na mashua zake, likavuka polepole ili lisimwagike. Halafu ukatoka mlima.

"Baba Namkunda, huu mlima wote tutausubiri?"

Akapapasa dashibodi. "Kuna kitu kinalia," akasema.

Tulisubiri miaka miwili. Hakulalamika hata siku moja. Dereva mzuri hasukumani na mtu. Niliota mvi nyingine, nikafuma kitambaa cha meza, nikamaliza kusoma Zaburi zote mara tisa. Katika mara ya tisa, nikiwa katikati ya kushukuru, nikapata akili. Nikafungua mlango, nikashuka, nikasimama barabarani, upande wa kulia wa gari, mikono kiunoni.

"Baba Namkunda, natokea upande wa kulia."

Akanitazama. Akakitazama kibao. Kibao kikaitikia kwa kichwa.

"Kweli," akasema mume wangu, na akatoa mguu kwenye mafuta. "Sheria ni sheria. Pita."

"Nataka treni," nikasema.

Mlima ukasimama kusikiliza. Gari likavuta pumzi, likarefuka kwa nyuma behewa baada ya behewa, na usukani ukaanguka sakafuni ukawa sahani ya biskuti. Hivyo ndivyo tulivyojikuta ndani ya treni.

Viti vilikuwa vya kutazamana. Nikafurahi mno, nikasimama kama tunavyofanya kwenye mabasi ya alfajiri ya mikoani. "Abiria wenzangu," nikasema, "bila kujali dini zetu, tuinamishe vichwa tuikabidhi safari mikononi mwa Mungu."

Ukutani palikuwa na picha ya kidole kimegusa midomo. Kidole kikatoka kwenye picha, kikaja kugusa midomo yangu. Kilikuwa cha baridi.

Akaja mkagua tiketi. Alikuwa ile mashine ya kugonga tiketi yenyewe, imevaa kofia. "Hili ni behewa la kimya," ikasema. "Tiketi?"

Nikaipa yangu. Ikagonga. Ikachukua ya mume wangu, ikaigeuza, ikaguna.

"Mzee, wewe kimya chako kimekwisha. Ulipewa cha maisha yako yote, ukakitumia chote kwenye Landrova. Huruhusiwi kukaa humu."

"Nihamie wapi?"

"Behewa la mbele, la wanaoongea. Na ufanye haraka. Stesheni ijayo treni inakatwa. La mbele linakwenda ziwani. Hili la kimya linakwenda kwingine."

"Kwingine wapi?" nikauliza.

"Hakuna aliyewahi kutuambia."

Ninakimbia mbele. Mume wangu ananifuata, anafika kwenye maungio ya mabehewa, anakwama. Mguu mmoja kwangu, mguu mwingine kwenye kimya. Chini yake vyuma vinaanza kuachana.

"Sema neno, mume wangu!"

"Neno gani?"

"Lolote! Sema habari ya mvua!"

Mdomo wake unafunguka, unafungika. Pengo linafika futi moja. Namshika koti.

"Nilikuwa naomba," akasema.

Akaangukia upande wangu. Behewa la kimya likaondoka bila kelele yoyote.

Tukakaa tukitazamana. "Unakumbuka tulipotoka Lushoto," akasema, "Namkunda akiwa mchanga, umempakata? Breki zilikatika mlimani. Kona sita. Wewe ulikuwa umelala, sikukwambia. Tangu siku ile, kila kona naomba. Siwezi kuomba na kupiga soga kwa pamoja."

"Kila kona?"

"Zote. Hata ile ya kwenda kisimani."

"Na mimi nikadhani umenichoka."

"Nikuchoke nimpeleke nani kanisani bure kila Jumapili?" akasema, na huo ulikuwa utani wake wa kwanza safarini tangu tufunge ndoa. Baada ya hapo hakunyamaza tena. Akanieleza kona moja moja, jina lake na ombi lake, na madirishani theluji ikasogea karibu ili nayo isikie. Tulipolifikia ziwa alikuwa bado yuko kona ya Mombo.

Nikaamka. Kumekucha, jogoo wa jirani anajitahidi. Baba Namkunda alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono shingoni.

"Vipi?" nikamuuliza.

Akafungua mdomo, ukatoka mkwaruzo. Sauti ilikuwa imekauka kabisa, kama ya mhubiri siku ya mwisho ya mkutano wa injili.

"Sielewi," akanong'ona. "Jana nililala mzima."

"Pole, mume wangu. Ngoja nikuwekee maji ya uvuguvugu."

Nikaweka sufuria jikoni, nikachukua simu, nikamwandikia Namkunda: treni, viti vya kutazamana. Kabla sijatuma nikamwonyesha baba yake. Akasoma polepole, midomo ikitikisika. Akakohoa.

"Mwambie," akanong'ona, "viwe karibu na dirisha."