Ujumbe Usiokauka

Casimir alikuwa amemaliza kufuta vumbi kwenye kompyuta na anangojea chai, ndipo simu ya katikati ilipoanza kuvuja. Mezani pake palikuwa na simu tatu, zimelazwa juu ya kitambaa kama wagonjwa, na kila moja ilikuwa na vikundi vyake: vya wavuvi, vya makanisa, vya misikiti, vya walimu, vya wachungaji wa milimani, vya akina mama wa soko, na vingine ambavyo hakuna aliyekumbuka tena nani alivianzisha. Maji yalitokea pale panapochomekwa waya. Yakalowesha kitambaa, yakadondoka sakafuni, na pamoja nayo ukaanguka ujumbe. Ulikuwa na urefu wa kidole, mwembamba, unang'aa kama ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani. Ubavuni, toka shavuni hadi mkiani, yalikuwa yameandikwa maneno kwa herufi ndogo: Watu wenye silaha wameonekana juu ya Bibokoboko, tuma kwa wote.

Mama Félicité, aliyefagia ofisi na kupika chai, alisimama mlangoni akatazama.

"Papa Casimir, telefone yako inavuja," alisema. "Nilete beseni ao ndoo?"

"Beseni."

"Beseni iko na manguo ya chef."

"Basi ndoo."

Kabla ya chakula cha mchana ndoo ilikuwa imejaa.

Ofisi hiyo ya mji wa Baraka, kando ya ziwa, ilikuwa ya shirika la tahadhari. Vita vilikuwa vimekwisha mara kadhaa kwenye karatasi, lakini milimani habari hiyo ilikuwa haijafika. Kazi ya Casimir ilikuwa kusoma yote yaliyoandikwa mitandaoni kutoka Fizi hadi Kazimia, kutenga kweli na uongo, kisha kuipeleka kweli kwa wakubwa: makao makuu ya shirika, kambi ya askari, na maofisi ya wale waliosema wamekuja kulinda raia. Alikuwa mwalimu wa jiografia kabla ya shule yake kuchomwa, na aliamini kwamba mtu mwenye bidii anaweza kusoma kila kitu. Mwaka wa kwanza alisoma kila kitu. Mwaka wa pili kichwa kilijaa, na maneno ya nyumbani yakakosa mahali pa kukaa. Mkewe Jamila alipomwambia chumvi imekwisha, alimjibu, "Chanzo chako ni nani?"

Kwa hiyo siku simu ilipovuja, Casimir hakuona ajabu. Aliona tu kwamba vitu vilivyokosa nafasi kichwani vimetafuta njia nyingine. Jioni akabeba ndoo hadi nyumbani, maana jumbe haziwezi kuachwa ofisini bila mlinzi.

Jamila alikuwa mtoto wa familia ya Kiislamu ya ufukweni, na kwao walikausha ndakala tangu babu wa babu yake. Alichungulia ndani ya ndoo.

"Papa Latifa," alimwita kwa jina la binti yao, "hizi unataka zioze mu nyumba?"

"Ni kazi ya ofisi."

"Kazi ya ofisi inanuka vilevile."

Asubuhi akazianika kwenye kichanja nyuma ya nyumba, akazitandaza kwa kiganja kama alivyofundishwa, zisilaliane. Zile zilizokwisha kutumwa na kutumwa tena zilikuwa hazina vichwa. Zile za sauti zilitetemeka mpaka jua lilipopanda. Jioni nyingine zilikuwa kavu, zinalia zikivunjwa, na nyingine zilikuwa mbichi kama zilivyotoka. Casimir alizisoma moja moja. Iliyosema daraja limekatwa ilikuwa kavu, na kweli madereva wa pikipiki walikuwa wamerudi wakilaani. Iliyosema jenerali amekufa ilikuwa mbichi, na jioni hiyohiyo jenerali alisikika redioni akiwashukuru wananchi kwa uvumilivu wao. Zile za maombi na baraka zilikauka upande mmoja tu. Jamila hakuuliza kwa nini.

Tangu hapo kazi ikawa na utaratibu. Wilfried, mkubwa wa ofisi ambaye wote walimwita chef, alinunua shitingi, turubai la kuanikia, na wavu wa kuzuia ndege. Akaandikia makao makuu kuhusu mbinu mpya ya uhakiki, nao wakaisifu, wakauliza wanawake wangapi wameshirikishwa. Casimir akaanza kulala usingizi. Alisikia tena mambo ya chumvi. Aliweza hata kucheka mezani, na Jamila, aliyekuwa amezoea kula na mtu asiyekuwepo, alimwongezea ugali.

Kanuni ilikuwa moja: kilicho kibichi hakitumwi. Kanuni hiyo ilizaliwa Kazimia. Zamani kidogo, kabla ya kichanja, tahadhari ilitumwa ikiwa mbichi, na watu wa Kazimia wakakimbilia ziwani na watoto mgongoni. Walioiandika tahadhari wakaingia taratibu, wakabeba mbuzi, mikeka na milango. Hakuna aliyetaka kuirudia siku ile.

Kisha mvua zikaja.

Ujumbe wa Swima ulianguka Jumanne, wakati maji yakipiga bati hata watu wakaongea kwa mikono. Ulikuwa na kichwa. Ubavuni ulisema: Wamekubaliana kushuka Swima Alhamisi, siku ya soko, kabla jua halijatoka. Casimir aliusoma akiwa amesimama. Swima alikaa dada yake mkubwa, Godelieve, pamoja na wajukuu zake. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na aliuza mawese jua na mvua ili Casimir awe mwalimu. Simu hazikufika huko tangu mafuta ya mnara yalipoibwa.

"Iko kavu?" Wilfried aliuliza.

"Bado, chef. Mvua."

"Basi bado."

"Swima iko yaya yangu."

"Na Kazimia iko shangazi yangu," Wilfried alisema. "Mpaka leo hana mulango."

Casimir alijua jambo hilo ni kweli. Aliuweka ujumbe katika mfuko wa nailoni akauchukua nyumbani. Usiku kucha mvua haikukatika, na Jumatano asubuhi ilikuwa bado inanyesha, na mawingu yamekaa juu ya ziwa kama watu waliokuja matangani na hawana mpango wa kuondoka.

Jamila akawasha mbabula, jiko la makaa, jikoni, akaacha makaa yashuke hadi yawe mekundu bila ndimi za moto, akaweka waya juu yake.

"Jua imekataa," alisema. "Tutafanya na hii."

"Maneno hayataungua?"

"Ukinisemesha, yataungua."

Akaulaza ujumbe juu ya waya. Akaugeuza kwa ncha za vidole, akauinua, akaupuliza, akaurudisha. Casimir alikaa kwenye kigoda akitazama herufi. Neno Alhamisi lilianza kuwa la kahawia pembeni, Jamila akaliondoa kwenye joto, akalirudisha likiwa limepoa. Mara mbili mvua ilipita kwenye bati bovu ikadondoka karibu na waya, na mara mbili Casimir aliikinga kwa kofia yake. Aliomba usikauke. Hilo ndilo aliloomba kwa dhati, na Mungu ana habari. Karibu na adhuhuri Jamila aliushika mkia, akaupinda kidogo sana, ukalia.

"Iko kavu, Papa Latifa," alisema kwa sauti ndogo.

Casimir alikimbia hadi ofisini akautuma kwa wakubwa wote. Majibu yalikuja kabla hajavua koti. Yalianguka ndani ya beseni moja baada ya jingine, manene, yanang'aa, yote ya namna moja: Ujumbe umepokelewa vizuri. Hatua zinachukuliwa.

"Unaona?" Wilfried alisema, na kweli uso wake ulifunguka. "Banachukua hatua."

Casimir aliweka jibu moja mfukoni, upande wa pili wa ule ujumbe mkavu. Akaenda dirishani kuangalia hatua. Barabara ilikuwa tupu. Lori la kambi lilikuwa limesimama juu ya mawe, bila magurudumu, na kuku walikuwa wamejikunyata chini yake kukimbia mvua. Alitazama muda wa chai kupikwa na kunywewa. Kuku mmoja alitoka, akafikiri, akarudi.

Akavaa koti tena.

"Unaenda wapi?" Wilfried aliuliza. "Telefone zitasomwa na nani?"

"Zitajisoma."

"Ukitoka ni kuacha kazi, Casimir. Mi sitaki, lakini itaandikwa."

"Iandikwe vizuri basi, chef."

Motari Ibrahim, dereva wa pikipiki, alikubali kumpeleka. Njia ilikuwa uji mtupu, na kwenye vilima walishuka wakasukuma. Walifika Swima alasiri, matope yamewapaka sawasawa hata Godelieve akamsalimia Ibrahim kwanza, akidhani ndiye ndugu yake. Alikuwa barazani anachambua maharagwe. Casimir alimweleza. Godelieve aliendelea kuchambua.

"Wiki hii tumeshakufa mara ngapi?" alisema. "Kila mutumbwi inakuja na kifo yake. Juzi nilikufa mi mwenyewe, nikazikwa, matanga ikaisha. Shemeki yangu alikuya kulia, akakuta niko napika."

"Yaya, hii imekauka."

Mikono ya Godelieve ikasimama. Casimir alimpa ujumbe. Hakuusoma, alifanya kama afanyavyo mwanamke yeyote wa ufukweni anapopewa ndakala wa mtu mwingine: aliusogeza sikioni, akauvunja. Ulilia. Akatia kipande kimoja kinywani, akatafuna polepole.

"Iko kavu," alisema, akasimama, na maharagwe yakamwagika.

Akawaita majirani. Kila mmoja alitaka kuvunja mwenyewe, na walikuwa na haki, kwa sababu masikio yao yalikuwa yamechoka kupewa habari na vinywa vya watu. Kipande kilivunjwa vipande, vipande vikavunjwa chembe. Kila aliyesikia sauti aliondoka kwenda kufunga mizigo. Kisha ujumbe ukaisha, na mlangoni bado palikuwa na watu, wale wa upande wa pili wa soko.

"Na sisi tusikie," alisema mama mmoja aliyeitwa Suzanne.

"Imeisha, mama," Casimir alisema. "Lakini nawaambia, ilikuwa kavu. Mimi ni mwalimu."

"Hata yule wa mutumbwi alisema yeye ni muchungaji."

Watu wakacheka kidogo. Casimir alijipapasa. Alikumbuka mfuko wa pili, akalitoa lile jibu, akifikiri kwamba wakiona wakubwa wamepokea, wataamini. Suzanne alilichukua. Akalisogeza sikioni, akalipinda. Lilijikunja lote, kichwa kikagusa mkia, halikulia. Akalipinda upande mwingine. Maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Papa," alisema, si kwa ukali, "hii ya kwako iko mbichi."

Alimrudishia, akajifuta mkono kwenye kitenge. Wote waliokuwa nyuma yake waliona. Wakarudi makwao kuwasha moto wa chakula cha jioni, kwa sababu kesho ilikuwa soko.

Godelieve na wajukuu, na wale waliosikia, waliingia kwenye michikichi kabla giza halijashika, wakapita hadi kwenye mawe ya upande wa kaskazini. Casimir alimbeba mjukuu mdogo. Alfajiri waliona moshi, na haukuwa moshi wa mbabula. Lori halikuja. Suzanne alizikwa Ijumaa, pamoja na wengi wa upande wake wa soko.

Casimir aliporudi Baraka alikuta ofisi imejaa maji hadi magotini. Mama Félicité alikuwa anachota kwa sufuria na kumwaga dirishani.

"Tangu jana zinaanguka tu," alisema. "Zote Swima, Swima, Swima. Pole na yaya."

"Yeye mzima."

"Basi pole na wengine."

Mvua ilikuwa imekatika. Jamila alizianika zote siku hiyo, kwenye kichanja, kwenye shitingi, juu ya paa la jirani, na karibu zote zilikauka kabla ya saa tisa. Ukweli uliochelewa haukawii kukauka. Casimir alizituma. Wilfried alisoma ripoti mara mbili, akaitia sahihi, na lile suala la kuacha kazi halikuandikwa mahali popote. Aliuliza tu kama shangazi yake wa Kazimia anaweza kupata kichanja chake. Kufikia Krismasi kila nyumba ya ufukweni ilikuwa nacho, na watu walikausha habari zao wenyewe kabla ya kuzila.

Majibu ya wakubwa yalikuja siku ileile ya ripoti. Tumepokea kwa masikitiko makubwa. Hatua zinachukuliwa. Jamila aliyatandaza peke yao, pembeni.

Kiangazi kimefika. Upepo wa ziwa umekausha mihogo, nguo na matope ya barabara. Hata miti ya kichanja imepasuka. Majibu bado mabichi. Hayaozi, ndege hawayagusi, na kila wiki yanaongezeka, kwa sababu Casimir huweka beseni chini ya simu ya katikati kila asubuhi, hutuma jumbe zilizokauka, na wakubwa hawajawahi kukosa kujibu.

Godelieve anaishi nao sasa. Hukaa kwenye kigoda karibu na kichanja na fimbo ya kufukuzia kuku. Mara moja moja huchukua jibu, hulipinda karibu na sikio, husikiliza, hulirudisha mahali pake.

"Yaya, nizitupe?" Jamila humuuliza. "Zinakula nafasi."

"Wacha," Godelieve husema. "Pengine jua bado."

Na Jamila huyageuza upande wa pili.