Kipimo cha Pili cha Msafiri

Jumanne saa mbili asubuhi Msafiri alifika hospitali pamoja na mkewe, Naima. Karani wa mapokezi alimwandikia kadi mpya, kwa kuwa ile ya zamani ilishagongwa muhuri wa marehemu. Msafiri alikuwa amezikwa Kondoa miaka mitatu iliyopita. Wagonjwa kwenye benchi walisogea, akakaa.

Generosa, anayepima mioyo kwa ultrasaundi, ndiye aliyemwita ndani.

"Shikamoo, baba. Shida nini?"

"Marahaba. Nataka nipimwe upya. Mara ya kwanza mliandika valvu ya moyo inavuja kidogo. Kazini wakaisoma hiyo karatasi, wakasema mimi mvivu tu. Nikaendelea kubeba saruji mpaka nikaanguka."

"Hata msibani walisema hivyo," Naima aliongeza.

Generosa alimlaza ubavu wa kushoto, akampaka jeli, akaweka kifaa kifuani. Moyo ukaanza kupiga ili upimwe. Kwenye skrini, damu iliyorudi nyuma ilionekana kama uzi mwembamba, na mpimaji wa kwanza alikuwa ameishia hapo. Generosa akakigeuza kifaa taratibu. Damu ilikuwa inatambaa ukutani mwa moyo, ndiyo maana ilionekana ndogo. Akapima upana wake pale inapopenya kwenye valvu: milimita nane. Akafuata mishipa inayotoka mapafuni. Huko nako damu ilikuwa inasukumwa kurudi.

"Inavuja sana, baba. Kiwango cha juu kabisa."

Msafiri alifumba macho, akacheka kidogo.

"Andika hivyo hivyo, mwanangu."

Mchana walikwenda Nkuhungu, kwenye ghala la saruji. Fabian, msimamizi, aliisoma karatasi mpya ya majibu kimyakimya, wapagazi wakamtaka aisome kwa sauti. Alipofika penye "mvujo mkali", walitua mifuko wakaja kumpa mkono Msafiri.

"Kumbe ulikuwa mwanamume wa shoka," alisema mpagazi mmoja, Thobias.

Naima alipiga kigelegele kirefu. Msafiri akajitwisha mfuko wa kilo hamsini, akapanda nao mpaka juu kabisa ya rundo, akaushusha polepole. Hakuhema, kwa kuwa marehemu hahemi. Wote walipiga makofi.

Saa tisa alipanda basi la Kondoa kurudi kaburini. Naima alimsindikiza hadi stendi, kisha akatembea mpaka nyumbani katikati ya barabara, kichwa juu, akisalimia kila mtu kwa jina.

Ghalani, Fabian aliiweka karatasi kwenye faili. Alipogeuka alimwona Thobias amekaa juu ya mfuko, mkono kifuani, anatafuta pumzi.

"Acha uvivu," alimwambia. "Lori linasubiri."