Hodi ya Mwenye Nyumba

Yule bwana alijimaliza kwa mdomo wake mwenyewe, tena mbele ya hakimu.

Dada yangu na mumewe walipofariki, waliacha binti mmoja na nyumba, ikawa yake. Kaka wa mume akapewa ulezi. Si ndiye baba mkubwa? Akahamia na mke na watoto, wakagawana vyumba, na mwenye nyumba akalazwa stoo, kati ya ndoo na pasi mbovu. Mimi mama mdogo nikaona hapana, nikaenda mahakamani. Nilichotaka ni kimoja tu: mtoto arudishiwe nyumba yake.

Siku ya kesi baba mkubwa alikuja na suti, mpole utadhani hajawahi kumfokea mtu.

"Mheshimiwa, mtoto nimemlea kwa adabu. Hata sebuleni haingii bila kupiga hodi!"

Hakimu, mama mwenye miwani, akaacha kuandika. "Nyumba ni ya nani?"

"Ya marehemu mdogo wangu."

"Na sasa?"

"Ya... ya mtoto."

"Na anapiga hodi?"

Kidogo nipige vigelegele mle ndani! Akavuliwa ulezi, nikapewa mimi, naye akaamriwa ahame.

Alihama kwa kisirani, hadi mapazia akang'oa. Nikadeki, nikatandika kitanda cha chumba kikubwa. Saa ya mtoto kutoka shule nikaufungua mlango, nikauacha wazi kabisa.

Akasimama nje na begi lake. "Hodi."

"Wee! Hodi ya nini? Hapa kwako, ingia!"

Hakusogea. "Hodi, mama mdogo."

Nikanyamaza makusudi. Nikajisemea, safari hii sijibu ng'o, mwenye nyumba hakaribishwi. Ataingia tu.

"Hodi," akasema mara ya tatu, kwa sauti ndogo. Nilipokaa kimya akageuka, kama mgeni aliyekosa wenyeji, akaanza kushuka ngazi.

Moyo ulinipasuka. Nilimlaani yule mwanamume, nikailaani na ile hukumu niliyoishangilia, maana ilimtoa yeye tu.

"Karibu," nikaita. "Karibu mwanangu, karibu ndani."

Akarudi mbio. Akavua viatu, akavipanga vizuri nje ya mlango, akaingia, akaniuliza akae wapi.