Breki Inayojiachia

Fundi Ibrahimu alikubali kwenda Zuzu kwa sharti moja: asilazimishwe kusifu. Alikuwa ametengeneza pikipiki Kondoa mjini kwa miaka thelathini na moja, na wateja wake walisema huijua iliyo mbovu kwa mlio tu, ikiwa bado kona ya pili, haijatokeza. Sasa Shamimu, binti wa marehemu kaka yake, alikuwa amemletea habari za pikipiki iliyotumika yenye breki za ABS, na habari yenyewe ilimkera.

"Yaani ukishika breki, yenyewe inaachia?"

"Inaachia na kushika tena, baba mdogo. Haraka haraka, ili tairi lisijifunge."

"Breki inayoachia si breki. Hiyo ni kesi."

Lakini alikwenda. Shamimu alikuwa afisa mifugo wa kata moja ya milimani. Wiki nzima alipanda na kushuka vilima kuchanja ng'ombe na mbuzi, sanduku la barafu la chanjo likiwa limefungwa nyuma yake. Mwezi wa kumi na mbili, mvua za kwanza zilipolowesha njia, pikipiki yake ya zamani ilimtupa mara mbili katika juma moja. Mara ya pili aliteguka bega. Siku alipofunguliwa bandeji alitangaza nyumbani kwamba anakwenda kununua breki, na pikipiki itakuja nayo.

Walipanda basi la alfajiri hadi Dodoma, wakachukua bajaji hadi Zuzu. Mvua ilikuwa imenyesha siku iliyotangulia, na udongo wa njiani ulikuwa bado unang'aa kwa maji. Mwenye pikipiki, Evarista, mpima ardhi aliyekaribia kustaafu, aliwapokea getini. Alikuwa mwanamke mrefu, amevaa buti za mpira na kitenge.

"Shikamoo mama," Shamimu alisema.

"Marahaba mwanangu. Fundi, karibu sana. Nimeambiwa wewe huamini mambo haya."

"Mimi namwamini Mungu, dada. Pikipiki naikagua."

Akaikagua kweli. Alichuchumaa, akazungusha matairi, akatikisa usukani, akapima mnyororo kwa kidole, akafungua mafuta ya breki akakuta yamekuwa meusi kama kahawa. Yote hayo aliyajua na hakuna lililomtisha. Kisha akageuza ufunguo, na kitaa cha njano chenye herufi tatu kikawaka.

Evarista hakusubiri kuulizwa. "Hicho ndicho nilichotaka kuwaambia kabla hatujafika mbali. Kikiwa kizima, kinawaka ukifungua ufunguo, halafu ukitembea kidogo kinazimika. Hiki hakizimiki tangu nilipotoka kupima viwanja upande wa Bahi, nimezama kwenye matope mpaka magotini. Breki zinashika kama za pikipiki yoyote. Ile akili yake ndiyo imelala."

Ibrahimu alisimama, akajipangusa mikono. Hakuficha kwamba ameshinda. "Basi tumemaliza. Hatuwezi kununua maradhi tusiyoyajua."

Shamimu hakusogea. "Baba mdogo, mtu akikuletea pikipiki haiwaki, huwa unamwambia akaizike?"

Fundi akachuchumaa tena, akiguna kwa maumivu ya magoti.

Alifuata waya kutoka gurudumu la mbele, taratibu, kama mtu anayefuata njia ya siafu. Karibu na diski ya breki aliona pete ya chuma iliyotobolewa matundu mengi madogo, kila moja limeachana na mwenzake kwa nafasi ileile. Mbele ya pete kulikuwa na kitu cheusi chenye ncha butu, kimeikaribia bila kuigusa. Udongo ulikuwa umeganda kotekote na kuziba matundu.

"Hii pete kazi yake nini?"

Shamimu, aliyekuwa amesoma habari hizi majuma matatu kwenye simu yake, aliinama kando yake. "Hicho cheusi kinahesabu matundu yakipita mbele yake. Ndivyo inavyojua tairi linazunguka au limesimama."

"Kinahesabu?"

"Kila tundu. Yakikoma kupita ghafla wakati wewe bado unakwenda, inajua tairi limejifunga, inaachia."

Ibrahimu aliomba maji na mswaki wa zamani. Evarista alipovileta, fundi alisafisha pete ya mbele tundu kwa tundu, akaipitishia ukucha akitafuta ufa, hakuupata. Akahamia ya nyuma. Kazi ilimchukua muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha, maana alikuwa ameanza kufanya kazi kama afanyavyo kwenye gereji yake, mdomo umebana na macho yamesogea karibu.

Ufunguo ulipogeuzwa, kitaa kiliwaka kama mwanzo. Shamimu alipanda, akawasha, akaondoka polepole kando ya ua wa minyaa. Kabla hajafika geti la jirani alipaza sauti: "Kimezimika! Baba mdogo, kimezimika!"

Fundi alijikuta ameukumbatia mswaki wa watu kifuani.

Waliipeleka kwenye njia ya udongo inayokwenda sambamba na reli, mahali palipo tambarare na tope jembamba. Ibrahimu aliweka jiwe pembeni. "Uje kwa mwendo wa arobaini. Ukilifikia hili, bana zote mbili, ya mkono na ya mguu, bila huruma. Ukianguka, kumbuka nilikataa."

Shamimu alivaa helmeti, akaenda mbali, akageuza. Ibrahimu alimwona akija, akajua kitakachotokea, kwa sababu alikuwa amekiona mara zisizo na idadi. Tairi la mbele lingeganda, lingeteleza upande mmoja kama sabuni, kisha chuma na mtu vingelala chini. Alifumba jicho moja.

Ule mburuto aliouzoea haukusikika. Kilichosikika ni mlio mdogo mdogo, tk-tk-tk-tk, kama mtu anayegonga meza kwa kucha. Pikipiki iliinamisha pua, ikanyooka, ikasimama. Shamimu alikuwa bado juu yake, miguu yote chini, akiitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Ibrahimu hakumwendea. Alikwenda kwenye alama. Tairi lililojifunga huacha mfereji laini topeni, kama gunia lililoburutwa. Hapa kashata za tairi, vile vibonge vyake vya mpira, zilionekana waziwazi, kina, juujuu, kina, juujuu, katika mstari ulionyooka hadi mwisho. Alichuchumaa akaweka vidole viwili katika alama moja, kisha katika iliyofuata.

Shika, achia. Shika, achia.

Hayo ndiyo maneno aliyomwambia kila aliyejifunza pikipiki mbele yake: kwenye utelezi usiing'ang'anie breki, shika, achia, shika, achia. Walimwitikia wote, na wengi walianguka hata hivyo, kwa sababu hofu ikimwingia mtu vidole havisikii la mwalimu. Vyake mwenyewe havikusikia, mwaka ule alipovunjika goti mteremkoni, naye alikuwa fundi tayari. Na hapa, ndani ya kijisanduku kisichozidi ngumi, somo lake lilikuwa limefuatwa bila woga hata chembe, mara nyingi kuliko awezavyo mtu kuhesabu, kwa muda wa kupiga chafya.

"Subhanallah," alisema.

Alipanda mwenyewe. Alipobana, mkono wa breki ulimpigapiga vidoleni kama kifaranga aliyeshikwa kiganjani, na chini yake dunia ikasimama imenyooka. Alirudia. Alirudia mara ya tatu na ya nne. Treni ya mizigo ilipita kwa mshindo mita chache tu kutoka kwake, hakuigeukia.

Kisha akakumbuka vilima vya kwao. "Dada, hapa hakuna mteremko wenye kokoto?"

Evarista aliwaonyesha nyuma ya shimo la kuchimbia mchanga. Ibrahimu alishuka peke yake, akabana, na pikipiki ikaendelea kutambaa hatua mbili tatu kupita pale alipotarajia ndipo ikasimama. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Alirudi uso umetulia.

"Sikiliza, Shamimu. Kwenye kokoto za mteremko inachelewa, maana haikubali tairi lichimbe. Huko utashuka kama ulivyokuwa unashuka, gia ndogo na polepole. Usije ukasema mashine ilikuahidi."

"Sawa, baba mdogo. Lakini ninunue?"

Fundi aliligusa tangi, kisha akaondoa mkono kana kwamba amegusa bila kuomba ruhusa. "Nilikuja kukukataza," alisema. "Nunua. Ila mafuta ya breki tunabadilisha hapa hapa, kabla haijatoka getini."

Walibadilisha mafuta, wakaandikiana mauziano mbele ya mjumbe wa mtaa, Evarista akawakabidhi kadi ya pikipiki. Ibrahimu alimuuliza kama alishawahi kuanguka nayo.

"Mara moja," Evarista alisema. "Nilikuwa nimeiegesha."

Mchana walishika njia ya kurudi Kondoa, Shamimu mbele na fundi nyuma. Mvua nyepesi iliwakuta wakikaribia Makutupora, ikalowesha lami bila kuisafisha. Walipofika kwenye mashamba ya mizabibu, mkokoteni wa punda uliojaa kreti za zabibu ulichomoza ghafla kutoka njia ya shambani na kukata barabara. Mwanamke aliyeuongoza alivuta kamba, na punda, kama kawaida yao, wakasimama katikati.

Ibrahimu hakuwa na breki ya kushika. Alishika mabega ya Shamimu. Kupitia kiti alisikia mtetemo uleule, tk-tk-tk-tk, ukimpanda uti wa mgongo, na pikipiki ikasimama wima. Kati ya tairi la mbele na gurudumu la mkokoteni palibaki nafasi ya mtu mmoja kupita akijibana.

"Poleni jamani!" mwanamke aliita.

"Tumeshapoa," Shamimu alijibu, akihema.

Punda waliondoka. Fundi aliteremka, akasimama pembezoni mwa barabara. Aliitazama barabara, akautazama mkokoteni ukiishia mizabibuni, kisha akapanda tena.

"Huyo aliyeitengeneza breki hii," alisema walipokwenda kidogo, "jina lake nani?"

"Sijui, baba mdogo. Nadhani walikuwa wengi."

"Ningelijua ningemwombea dua."

"Mwombee hivyo hivyo, bila jina."

Ibrahimu akazivua fikra zake zote za asubuhi kama mtu avuavyo helmeti, ndivyo alivyokuja kusimulia mwenyewe, akafungua viganja juu ya magoti yake, katikati ya upepo na manyunyu, akaanza kuomba kwa sauti. Shamimu alipunguza mwendo ili amsikie. Walifika Mayamaya bado hajasema amina.