Picha ya Shingo ya Tingatinga

Miezi minane nimebishana na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mpaka mke akatupiga marufuku kutaja mieleka mezani. Shemeji alishikilia kwamba Tingatinga ndiyo basi, harudi tena ulingoni. Mimi nikamwambia hajui kitu. Kila wiki kwenye televisheni mpinzani wake, Koleo, alijitapa kuwa yeye ndiye aliyemvunja Tingatinga shingo, na siku akirudi atamalizia kazi. Maigizo hayo, nani asiyejua? Lakini nikimwona yule mtu, damu inanichemka.

Kumbe shingo ilikuwa imevunjika kweli.

Nililijua hilo Jumatatu, kazini. Mimi napiga picha za eksirei hospitalini. Tingatinga mwenyewe aliingia chumbani kwangu, kofia imemfunika macho, nikamsimamisha mbele ya mashine huku nikitabasamu kama bwana harusi. Picha ilipotokea, furaha yote ikaniishia. Mfupa ulikuwa haujaunga. Ufa ule hata mwanafunzi wa wiki moja angeuona.

Nikamwambia akamwone daktari hapohapo. Akakataa, akanisihi nimfichie. Daktari wa mieleka, alisema, anataka picha tu ndipo amruhusu kupigana, na kwenye kompyuta yangu ilikuwepo ya miaka miwili nyuma, shingo ikiwa nzima. Kilichobaki ni kubadilisha tarehe. Nikamuuliza kama Koleo anajua.

“Akijua hatapigana,” akasema. “Yule ni rafiki yangu, na ni mwoga wa kuumiza watu. Hadithi yote itafia hapo.”

Mtu mwenye akili timamu angekataa. Mimi nikawaza muziki wake ukipigwa, ukumbi mzima umesimama, na shemeji amekosa pa kuweka uso wake. Nikabadilisha tarehe. Jamani, mjinga mimi.

Jumamosi mchana tulikaa safu ya pili, mimi na shemeji. Muziki ulipoanza, watu walipanda juu ya viti. Shemeji akanikumbatia, akakiri mbele za watu kwamba nilikuwa sahihi, na mimi nikashindwa hata kumcheka. Roho ilikuwa juu juu. Tingatinga alipanda ulingoni bila kugeuza kichwa hata mara moja.

Dakika za mwanzo walirushana tu kwenye kamba. Halafu Koleo akamkaba, na ukumbi ukaanza kuitikia kwa pamoja, shemeji naye akiwemo: “Shingo! Shingo!” Nikaona siwezi. Nikaruka kizuizi, nikashika kamba ya chini ya ulingo, nikampigia Koleo kelele.

“Mwachie! Shingo imevunjika kweli, picha nimepiga mimi!”

Makofi yakalipuka ukumbi mzima. Walidhani nami nimo kwenye mchezo. Walinzi wawili wakaja kunivuta, na mmoja akaninong'oneza kwamba ninaigiza vizuri kuliko hao wanaolipwa. Nilipiga mateke, nililia, nikazidi kushangiliwa.

Koleo peke yake hakucheka. Alinitazama, akalegeza mikono, kisha akamwangalia Tingatinga usoni, akimuuliza kwa macho kama na hili limepangwa.

Tingatinga akamkonyeza.

Basi Koleo akatabasamu, akamkamata kiunoni, akamwinua juu kabisa, kichwa chini.