Nadhiri ya Samaki Mgonjwa

Kiharusi kilipomwangusha Prayad kwenye ngazi za jikoni, kilimwachia jicho la kushoto, nusu ya mdomo na samaki mmoja. Majirani wa kando ya mfereji walisema kilichobaki ni pumzi tu. Majirani hawakosi la kusema. Lamom, mkewe, alijua zaidi yao, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akishika kioo.

Kila asubuhi, akishamlisha mumewe uji wa wali, alichukua kioo chake cha kujitazamia na kukisimamisha mbele ya tangi dogo lililokaa kando ya kitanda, upande wa kushoto. Ndani yake aliishi Nin, samaki mpiganaji wa buluu iliyokoza. Nin alijiona, akadhani adui kaingia nyumbani kwake. Alifura mashavu, akatandaza mapezi yote, akaja mbio hadi kwenye ukingo kumtisha huyo mgeni. Jicho la Prayad lilimfuata huku na huku. Kisha ile nusu ya mdomo iliyo hai ikapanda juu kidogo, na hicho ndicho kilichokuwa kicheko chake. Lamom alihesabu hadi mia, akaondoa kioo, kwa kuwa samaki huyu akichokozwa mno huchoka, na asipochokozwa kabisa hudhoofika mapezi.

Mambo hayo alifundishwa na mumewe. Prayad alifuga na kupiganisha samaki hawa miaka arobaini, kila mmoja na chupa yake, na kipande cha boksi kati ya chupa na chupa ili wasionane. Baada ya kuanguka kwake, chupa zote zilikwenda kwa Kamnuan, mfugaji wa ng'ambo ya mfereji. Lamom alibakiza Nin peke yake. Watoto hawakujaliwa, na maneno ya mumewe yalikwisha siku ile kwenye ngazi. Kama kicheko hicho kingekwisha pia, asingejua tena anamwosha na kumlisha nani.

Desemba ile baridi ilishuka kutoka kaskazini mapema. Nin akaanza kulala chini ya tangi, mapezi yakiliwa kingoni kama kitambaa kilichochakaa. Wiki hiyohiyo Prayad alishikwa na homa, kifua kikawa kinakoroma. Daktari alikuja, akasikiliza, akakunja vifaa vyake.

"Mama, jiandae," alisema, akavaa viatu.

Basi akaingia Chalao, dada mkubwa wa Prayad, mwanamke asiyekosa hekaluni siku yoyote takatifu na asiyekosa kukuambia kwamba hakukosa. Alimtazama mgonjwa, akalitazama tangi.

"Wifi, samaki wangapi wameraruana kwa mkono wa mdogo wangu?"

"Sikuwahesabu, wifi."

"Wenyewe wamejihesabu. Sasa wanadai. Na wewe bado umemfungia mmoja hapo, tena kichwani pake! Unataka waje kumchukua kwa mlango gani tena?"

"Huyu hajawahi kupigana hata siku moja."

"Lo! Mtetee, mtetee. Mumeo anakoroma, wewe wakili wa samaki." Chalao akashusha sauti. "Twende ukaweke nadhiri. Mdogo wangu akipona, mwachilie huyo kiumbe. Roho kwa roho."

Na hapa Lamom akafanya hesabu yake, nami simfichi. Alimtazama Nin pale chini, mashavu yakienda polepole, akaona huyu hafiki mwisho wa wiki. Ahadi isiyomgharimu mtu kitu, nani ataikataa? Alikwenda, akapiga magoti mbele ya sanamu ya Buddha, akawasha udi, akasema kwa sauti kama nadhiri zinavyosemwa, "Mume wangu akipona homa hii, nitamwachilia samaki wake kwenye maji ya hekalu hili." Alitoa kama mtu anayemkarimu mgeni ndizi iliyoanza kuoza. Chalao alikuwa amepiga magoti kando yake, masikio wazi.

Angerudi nyumbani akakaa kitako, mambo yangejimaliza. Lakini mikono iliyokwisha kuzoea kazi haimwulizi mwenyewe. Asubuhi yake alipouona uchafu wa chakula kwenye sakafu ya tangi, alichukua mrija akaunyonya wote nje. Alipunguza theluthi ya maji, si zaidi, maana maji mapya yote kwa pamoja humuua aliye dhaifu. Akajazia maji ya mtungi yaliyokaa siku tatu hadi ukali wa dawa ya bomba ukaisha. Akatia chembe za chumvi na jani kavu la mti wa mkungu, dawa ya wafugaji, maji yakageuka rangi ya chai. Alilizungushia tangi kikoi kikuukuu cha Prayad, akasogeza taa karibu lipate joto. Huku akimgeuza mumewe ubavu, akimpiga mgongo makohozi yatoke, huku akimwinulia samaki viluwiluwi vya mbu kwenye ncha ya kijiti. Siku nane alizunguka palepale, kati ya kitanda na tangi, na katika siku hizo nane hakuikumbuka nadhiri hata mara moja.

Siku ya tisa aliamka akaona povu. Chini ya jani la mkungu Nin alikuwa amejenga kiota cha mapovu, na samaki mgonjwa hajengi. Kingo za mapezi zilikuwa zimeota upya, nyeupe, nyembamba kama ukucha wa mtoto. Akageuka kumgusa mumewe paji la uso. Lilikuwa limepoa. Akachukua kioo. Nin akafura, jicho likamfuata, nusu ya mdomo ikapanda. Lamom alicheka hadi akalia. Na alipokuwa bado anajifuta machozi, akakumbuka alichosema mbele ya udi, akakaa chini sakafuni.

Chalao hakuchelewa. Alikuja na ndoo.

"Umeona? Nilikwambia!"

"Wifi, nimwachilie kwenye mtaro wa shamba la mpunga. Kuna majani, maji yametulia. Atajificha."

"Ulisema mtaro?"

"Nilisema..."

"Ulisema maji ya hekalu. Nimesikia kwa masikio haya mawili, na si mimi peke yangu niliyesikia. Sasa unataka kumpunja nani? Homa ikirudi usiniite."

"Wifi, kule kuna kambare. Unawajua wale kambare."

"Hata wao ni viumbe. Kila mmoja na majaliwa yake. Wewe toa ulichoahidi, mengine si yako."

Lamom alitazama kifua cha mumewe kikipanda na kushuka bila kukoroma. Aliogopa. Kila neno alilotaka kusema, alikisikia kifua kile kikilijibu kwa kukoroma. Akalifunika tangi kitambaa, kama Prayad alivyokuwa akifunika chupa samaki wapumzike, akamwinua Nin chini ya kitambaa hichohicho kwa bakuli. Jicho la Prayad lilikuwa likitazama kitambaa.

Kwenye gati la hekalu hakuna anayeruhusiwa kuvua, na kila mwenye ombi huja na mkate wa kuwalisha samaki. Kambare wa pale ni wanene kama mapaja ya mtu mzima, na wakisikia hatua juu ya mbao huja wenyewe, midomo wazi. Lamom alikuwa mke wa mfuga samaki. Hakuna mtu gatini pale aliyejua vizuri kuliko yeye kitakachotokea. Alisoma dua, akainamisha bakuli.

Nin aliingia kwenye maji, akasimama. Alipoona kivuli kikubwa cha kambare hakukimbia. Tangu azaliwe kila adui aliyetokea mbele yake aliondoka baada ya hesabu ya mia. Akafura mashavu, akatandaza mapezi yake mapya, akamwendea.

Maji yalizunguka mara moja yakatulia.

"Haya, nadhiri imetoka," Chalao alisema kwa upole, akamshika mkono. "Twende nyumbani, wifi yangu."

Lamom hakwenda nyumbani. Alivuka daraja hadi kwa Kamnuan, akamwomba samaki wa uzao uleule, buluu ileile, mkia uleule. Kamnuan alipekua chupa muda mrefu, akatoa mmoja.

"Huyu hata mama yake angemchanganya," alisema, akakataa kulipwa.

Lamom akamtia kwenye tangi chini ya kitambaa, chini ya jani la mkungu, akasubiri maji yatulie. Kisha akafunua, akasimamisha kioo. Yule mpya alifura vizuri kuliko Nin katika siku zake zote njema, mapezi mazima, hayana kovu wala zile kingo nyeupe.

Jicho la Prayad lilimfuata mara moja, kushoto, kulia. Likasimama. Likamwacha samaki, likamtazama Lamom, likakaa hapo.

"Ni Nin," Lamom alisema. "Amepona, baba. Tazama alivyopona."

Ndipo mtu ambaye tangu aanguke hakuweza hata kumfukuza nzi alikaza shingo, mshipa ukamtoka, akaugeuza uso wake kidogo kidogo hadi ukaelekea ukutani. Lamom aliurudisha kwa viganja viwili. Ukageuka tena.

Nadhiri ilipokelewa, Chalao hakusema uongo. Homa haikurudi. Prayad aliishi miaka minne zaidi, na kila asubuhi ya miaka hiyo, akishamlisha, Lamom alishika kioo mbele ya tangi akahesabu hadi mia, na mumewe akatazama ukuta.