Kamati ya Udaktari wa Kasiana

Matokeo ya kidato cha sita yalitoka Jumatatu saa tano asubuhi, na ilipofika saa saba mchana Kasiana alikuwa ameshakuwa daktari. Chuo hakikuhitajika. Shangazi Esteria alikuja na magoti yake. Jirani wa nyuma alikuja na mkojo ndani ya chupa ya soda, akauweka mezani karibu na sahani ya maandazi, akasema hana haraka, atasubiri majibu. Mama mmoja wa jumuiya alitaka kujua kwa nini akilala ubavu wa kushoto moyo unamwenda mbio. Kasiana, ambaye mgonjwa pekee aliyewahi kumpasua maishani mwake alikuwa chura wa maabara, tena marehemu, alimshauri alalie ubavu wa kulia. Kesho yake mtaa mzima wa Mfaranyaki ulisikia kwamba binti wa Mzee Otto ana mkono mwepesi.

"Wapeni watu nafasi wamwone dokta," alikuwa akisema baba mdogo Kajetani, amesimama mlangoni, kifua mbele, utadhani mtihani wa Kemia aliufanya yeye.

Kajetani alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, mwenye simu kubwa kuliko zote katika ukoo. Zamani aliwahi kuishi Dar es Salaam miaka mitatu, miaka ambayo mpaka leo hajamaliza kuisimulia. Kaka yake, Mzee Otto, baba mzazi wa Kasiana, alikuwa seremala. Otto alikuwa mkubwa kwa kuzaliwa na mdogo kwa mambo mengine yote. Kajetani akiongea, Otto alitikisa kichwa kukubali na kuendelea kupiga randa.

Jumapili baada ya misa kikaitishwa kikao cha ukoo kujadili maombi ya chuo. Walikaa watu saba, ambao ukiwajumlisha wote hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kukanyaga chuo kikuu, na kila mmoja alikuwa na msimamo mkali kuhusu chuo kipi kinafaa. Babu Valence aliipinga Mwanza kwa sababu kuna ziwa. Shangazi Esteria aliipinga Dar es Salaam kwa sababu kuna wanaume, kana kwamba Songea tunaishi na kuku watupu. Waliendelea hivyo saa nzima na nusu, mpaka mtu mmoja akakumbuka kwamba mwombaji mwenyewe yupo, anawamiminia chai.

"Mimi nataka udaktari wa meno," alisema Kasiana.

Kicheko kilichofuata kilimshtua mbuzi uani.

"Meno!" alisema Kajetani, akijifuta machozi. "Tumekusomesha mpaka umepata divisheni wani ya pointi tano, halafu ukashike koleo? Jino hata fundi baiskeli anang'oa! Sisi tunataka daktari wa binadamu, mwanangu. Wa mtu mzima mzima, si wa mdomo peke yake."

Wakacheka tena, vinywa wazi, na Kasiana aliyesimama na birika mkononi akaona kila kitu. Aliona mapengo, mashimo meusi, ufizi wa babu Valence uliovimba, babu ambaye kwa miaka miwili alikuwa akiulowanisha ugali kwenye mchuzi mpaka ulainike ndipo aumeze. Meno mazima ya kikao chote yangetosha watu watatu kwa shida. Na hao ndio waliokuwa wanacheka.

Alitamani awasimulie habari za Zuhra, binti wa wakulima wa korosho wa Tunduru, aliyekaa naye dawati moja kidato cha tano. Shavu la Zuhra lilianza kuvimba Jumatano. "Ni jino tu," kila mtu alisema, Kasiana akiwemo. Ijumaa Zuhra hakuweza kufungua mdomo wala kumeza mate, shingo imekakamaa, pumzi inapita kwa kuvizia. Walipomfikisha hospitali, daktari wa meno alimpasua chini ya taya, usaha ukatoka. Kisha akawaambia waliomleta, kwa upole kabisa, kwamba wangengoja mpaka asubuhi wangembeba kwenye sanduku. Tangu siku hiyo Kasiana aliposikia mtu anasema jino halafu anaongeza "tu", aliudhika kuliko ambavyo angeudhiwa na tusi.

Lakini kikao kilikuwa kimeshahamia kwenye suala la nani atamsindikiza stendi siku ya kuondoka. Alimtazama baba yake. Mzee Otto hakucheka. Alikuwa ameinamia kikombe chake, anatafuta kitu ndani ya chai.

Maombi yalijazwa kwenye steshenari ya Daimu, kijana mpole aliyewahi kuwajazia fomu nusu ya vijana wa mjini. Kajetani alikwenda mwenyewe, kwa kuwa alilipa ada ya maombi, na mlipaji ndiye msemaji. Daimu alipouliza namba ya simu ya mwombaji, Kasiana akataja ya kwake.

"Hicho kitochi chako?" alisema baba mdogo. "Chuo kikuu kipige kwenye kitochi? Andika yangu."

"Ni kwa ajili ya meseji, mzee," alisema Daimu. "Akichaguliwa vyuo viwili, anatumiwa namba ya siri ya kuthibitishia kimoja. Asipothibitisha, nafasi inapotea."

"Andika yangu, kijana. Watu wazito hawatumi meseji, wanapiga."

Neno la siri la kuingilia kwenye mtandao wa vyuo pia alilichagua yeye. Lilikuwa jina lake mwenyewe na mwaka wake wa kuzaliwa, na alimtajia Daimu kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa foleni. Chuo cha Mwanza kikajazwa kama kamati ilivyoagiza: udaktari wa binadamu. Walipofika kwenye chuo cha Dar es Salaam, simu ya Kajetani ikaita. Alikuwa mnunuzi wa mahindi, na Kajetani hakuwahi kuongea na mnunuzi akiwa ameketi. Akatoka nje kufoka.

Daimu akamtazama Kasiana. "Chaguo la kwanza?"

"Meno," alisema, haraka, kama mtu anayeiba.

Baada ya hapo ikawa kusubiri. Agosti ikapita na baridi yake. Septemba ikaingia, Zuhra akampigia kutoka Tunduru: majibu yametoka, yeye kapata ualimu wa sayansi, je, mwenzake?

Kasiana alikwenda kwa baba mdogo. "Shikamoo, baba mdogo. Hakuna meseji ya chuo?"

"Marahaba. Hakuna."

Siku ya pili aliuliza tena. Siku ya nne Kajetani akamwambia kwamba kuulizauliza si tabia ya daktari. Kumwomba simu aangalie mwenyewe lilikuwa jambo lisilowezekana. Simu ile hata mke wake aliipangusa vumbi kwa ruhusa. Kasiana akarudi nyumbani, akajifungia, akalia. Aliamini amekosa. Kote kuwili. Na kilichomuuma zaidi hakikuwa kuikosa Mwanza.

Sasa, lazima niseme jambo moja kuhusu Kajetani. Mwaka juzi sauti tamu ilimpigia simu, ikampongeza kwa kushinda pikipiki. Kilichofuata hakisimuliwi pale nyumbani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kajetani alikuwa akishtuka hata akiona kamba za viatu. Tangu siku hiyo alijitawaza kuwa mtaalamu wa matapeli, na hakuna aliyemsalimia Mfaranyaki akaondoka bila kupewa mafunzo.

Jumamosi moja ukoo ulikuwa uani kwake ukipukuchua mahindi, naye amekaa kwenye kiti, akisimamia.

"Kuna mmoja wiki hii hanipumzishi," alisema kwa furaha. "Kanitumia mara tatu! Anaanza na 'Hongera'. Mimi mtu akianza na hongera, simalizii kusoma. Hongera ya nini, wakati hatufahamiani? Halafu ana namba yake ya siri pale, eti niitumie. Na jina lenyewe anaona haya kuliandika, kaweka herufi tatu tu. Nikamjibu vizuri sana. Nikamwambia mama yake nani na baba yake nani. Unajua nini? Meseji inagoma kwenda! Kaogopa, kazima simu!"

Wakacheka wote. Mikono ya Kasiana ikasimama juu ya gunzi.

"Hebu, dokta, wewe una macho makali." Kajetani akamnyooshea simu. "Mfute huyo mwizi, na umzuie asinitumie tena."

Aliipokea. Herufi zilikuwa TCU, ile tume inayosimamia udahili wa vyuo vikuu. Hongera. Umechaguliwa katika vyuo viwili. Mwanza, udaktari wa binadamu. Dar es Salaam, udaktari wa meno. Thibitisha chuo kimoja kwa namba hii ya siri. Mwisho wa kuthibitisha ulikuwa kesho yake.

Alifungua mdomo apige kelele, halafu akaona kitakachofuata, chote, mpaka mwisho. Vigelegele. Kikao. Babu Valence na ziwa lake. Kajetani na "mtu mzima mzima". Na baba yake akiangalia ndani ya kikombe.

Akafumba mdomo. Akasoma ile namba mara nne, midomo ikicheza.

"Umefuta?" aliuliza baba mdogo.

"Nimefuta," alisema Kasiana, na alikuwa amefuta kweli, zote tatu.

"Mnaona? Ndiyo maana ya kusomesha watoto."

Aliaga kwamba anakwenda dukani. Njia nzima alikuwa akiinong'ona ile namba kama mtu anayesali rozari, akapishana na watu wawili wa kusalimiwa na asiwasalimie. Kwenye steshenari, Daimu alifungua ukurasa wa chuo cha Dar es Salaam. Neno la siri halikuhitaji kutafutwa, mtaa mzima ulikuwa unalijua.

"Una uhakika?" aliuliza Daimu. "Wengi wanaililia hiyo ya Mwanza."

Hakuwa na uhakika. Aliona sura za watu wote waliomwita dokta, na jinsi watakavyonuna. Kisha akaibonyeza ile namba, tarakimu moja moja, na kuthibitisha meno.

Aliporudi, wapukuchuaji walikuwa wameshatawanyika, na baba mdogo yuko peke yake anashona midomo ya magunia.

"Baba mdogo, yule tapeli nimempata," alisema, akampa karatasi ya uthibitisho aliyochapiwa na Daimu.

Safari hii Kajetani alisoma mpaka mwisho. Alisoma mara mbili. Shazia, ile sindano ya magunia, ikamponyoka.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Lakini hii ni meno!"

"Ni meno, baba mdogo. Tunaweza kubadilisha, muda ni mpaka kesho. Ila kikao kitataka kujua meseji zilikuwa wapi wiki nzima. Na nani aliitukania tume mama yake."

Kajetani alikaa juu ya gunia. Alifikiri kwa muda mrefu, na kwa mtu ambaye hakuwa na mazoea ya kazi hiyo alijitahidi sana. Mwishowe akakohoa, akaikunja karatasi vizuri na kuitia mfuko wa shati.

Kesho yake akaitisha kikao. "Ndugu zangu," alisema, "nimefanya utafiti." Madaktari wa binadamu, aliwaeleza, sasa wamejaa kila kona, wa meno ndio wanaotafutwa. Jambo hilo aliliona mwenyewe enzi zake Dar es Salaam. Kwa hiyo, kwa mamlaka aliyonayo, alikuwa ameamua binti asomee meno. Shangazi Esteria aliyasikitikia magoti yake kidogo, lakini babu Valence hakuchelewa: alimsogelea Kasiana, akapanua mdomo hapohapo, akaonyesha kwa kidole. Watu wakampigia makofi Kajetani kwa kuona mbali. Kasiana naye akapiga, tena kwa nguvu.

Makofi yalipokwisha alimfuata baba yake karakanani. Mzee Otto alikuwa na ubao mbele yake na hakuwa akiupiga randa.

"Siku ile uliposema meno," alisema bila kumtazama, "nilikusikia."

"Najua, baba."

"Sikucheka."

"Najua. Lakini hukusema kitu."

"Sikusema."

Kasiana alitafuta neno la kumpoza, akaliacha. Alikuwa amechoka kuwapoza watu. "Iliniuma kuliko kicheko chao," alisema.

Mzee Otto alitikisa kichwa, lakini si kile kitikiso alichompa mdogo wake kila siku. Akasimama, akakung'uta vumbi la mbao kwenye suruali, akafunga kifungo cha juu cha shati kama mtu aliyepewa nafasi ya kuzungumza mbele za watu.

"Mimi ndiye baba yake," alisema kwa sauti kubwa, akiutazama ukuta. "Mwanangu anataka kusomea meno, na atasomea meno. Mwenye kicheko aje acheke hapa mbele yangu."

Hakuja mtu. Kikao kilikuwa kimeshakwenda kula. Mzee alikuwa ameyasema miezi miwili baada ya siku yalipohitajika, na Kasiana alimshika mkono akamwambia arudie.